Kuchambua moku ya Darasa la Saba, swali kwa swali

Matokeo ya moku, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, yakitoka, shule nyingi hubandika orodha ya nafasi ukutani, kisha huongeza vipindi vya jioni kwa somo lenye wastani mdogo. Lakini wastani wa 19 kati ya 50 katika Hisabati unaonyesha tu kwamba darasa limekwama, hauonyeshi limekwama wapi. Hilo utalipata kwenye herufi walizochagua watoto waliokosea. Kuzikusanya kwa wanafunzi 60 ni kazi ya jioni moja au mbili, na inafaa ifanyike ndani ya wiki ileile, kabla watoto hawajasahau walivyofikiri.

Katika karatasi za Baraza la Mitihani la Tanzania za miaka ya karibuni, kila somo kati ya yale sita lina alama 50: maswali 40 ya kuchagua A hadi E, alama moja kila moja, na maswali 5 ya kuandika, alama mbili kila moja. Fomati ya mwaka wenu ihakikisheni kwanza, maana hubadilika. Mtoto anayebahatisha maswali yote 40 hupata kama 8, kwa kuwa kila swali lina nafasi moja kati ya tano. Kwa hiyo mwenye 9 na mwenye 6 wasitofautishwe kana kwamba mmoja anajua zaidi. Alama za chini namna hiyo hazipimi chochote.

Chora jedwali: majina yashuke upande wa kushoto, namba za maswali zipite juu. Katika kila chumba andika herufi aliyoichagua mtoto, usiweke vema au mkasi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, maana wakishaandika vema na mkasi, habari yenyewe imepotea. Aliyeacha wazi mwandikie 0, aliyeweka kivuli mara mbili, yaani aliyejaza kwa penseli nafasi za herufi mbili kwenye fomu ya kujibia, mwandikie X. Kwenye kompyuta, majina yakianza safu ya 2 hadi ya 61, fomula =COUNTIF(B$2:B$61,"A") itakuhesabia waliochagua A katika swali la kwanza; ifanye hivyo kwa kila herufi, kisha iburute kulia. Kama hakuna kompyuta, manila na rula vinatosha.

Sasa soma jedwali kwa kwenda chini, swali moja baada ya jingine. Tuseme swali la 12 lilikuwa 20 − 8 + 5, na majibu yamegawanyika hivi: A (33) watoto 4, B (3) watoto 3, C (7) watoto 31, D (17), ambalo ndilo sahihi, watoto 16, E (23) watoto 6. Hao 31 hawakubahatisha. Wamefundishwa MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), wakaona Jumlisha imetangulia Toa, wakajumlisha 8 na 5 kupata 13, wakatoa kwenye 20. Wameifuata kanuni kama walivyoisikia. Kuwapa mazoezi mia moja zaidi bila kuwaambia kwamba kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa, na kwamba hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto, ni kulikaza kosa.

Linganisha na swali lenye 13, 11, 14, 12, 10. Hapo hakuna kipotoshi, yaani jibu lisilo sahihi linaloonekana la kweli, kilichowavuta. Darasa zima limebahatisha. Ama mada haikufundishwa, ama lugha ya swali haikueleweka. Dawa yake si ile ya swali la 12: hili linahitaji kufundishwa upya kutoka mwanzo, lile linahitaji kung'oa dhana moja.

Ukikuta maswali ya mwisho, mathalani la 36 hadi la 40, yana 0 nyingi ilhali ya mwanzo yana chache, tatizo kubwa huenda ni muda.

Kabla ya kulaumu mtoto, kagua swali. Chukua wanafunzi 16 wa juu na 16 wa chini kwa alama za jumla, uhesabu waliopata swali hilo kila upande. Wa chini wakiwazidi wa juu, tuseme 9 kwa 5, fungua mwongozo wa usahihishaji: mara nyingi jibu limeandikwa kimakosa au majibu mawili yanafaa. Kwa mkondo wa wanafunzi 20, usijenge hoja juu ya tofauti ya watoto wawili au watatu.

Baada ya kuchagua maswali sita au saba yenye kipotoshi kikubwa, waite watoto watano waliochagua kipotoshi hicho, mmoja mmoja. Mpe swali, mwambie alisome kwa sauti, kisha akuonyeshe alivyofanya. Usimsahihishe wala usikunje uso, maana akiona amekosea atabuni maelezo ya kukuridhisha. Kusoma kwa sauti hakuna mbadala. Akikwama kwenye maneno "ipi si sahihi" au "isipokuwa", ujue alipotea kabla hajafika kwenye hesabu. Na asiyeweza kulisoma swali lenyewe anahitaji kurudishwa kwenye kusoma, hata kama yuko Darasa la Saba na imebaki miezi miwili.

Dhana moja ipewe kipindi kizima cha dakika 40. Anza kwa kuandika ubaoni jibu potofu, uwaulize aliyelipata alifanyaje, halafu mfano wa kulipinga: una shilingi 20, unatumia 8, unapewa 5. Je, una 7? Wataona wenyewe. Baada ya wiki mbili toa maswali matano ya dhana hiyo yenye namba nyingine. Ukirudia swali lilelile watakumbuka herufi, na jedwali lako litakudanganya.

Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza huonyesha asilimia ya waliochagua kila herufi kitaifa. Ziweke kando ya jedwali lenu. Kipotoshi kinachowavuta watoto wenu tu, wakati kwingine hakivuti, huenda kinatokana na namna mlivyofundisha.

Kuna shule zinazowashughulikia walio na alama 18 hadi 20 peke yao ili wavuke kwenye 21 wapate daraja C, na kuwaacha wa chini. Hilo ni kuwatelekeza watoto wanaohitaji mwalimu kuliko wote. Wagawe kwa kosa wanalolifanya, siyo kwa alama. Mtoto wa alama 35 na wa 14 mara nyingi wana kosa moja la MAGAZIJUTO na wanaweza kukaa kundi moja.

Mwisho kuna fomu ya kujibia. Mtoto akiruka swali la 9, kisha akaweka kivuli cha la 10 kwenye nafasi ya 9, majibu yote yanayofuata husogea. Ukiona mtoto mzuri aliyeanguka ghafla, linganisha herufi zake na majibu sahihi ya swali linalofuata. Zikioana, umepata sababu. Wazoeshe kwa fomu zilizotolewa kopi: penseli ya HB, kivuli kijaze nafasi bila kutoka nje, ufutio safi kabla ya kubadilisha jibu, na kila baada ya maswali matano kuhakikisha namba ya swali na ya fomu zinalingana.