Usichome mabua: namna ya kupika mboji na kinachoendelea ndani ya biwi

Wakulima wenzangu, kila baada ya mavuno naona moshi mashambani na roho inaniuma kwa kweli, maana ukichoma mabua naitrojeni karibu yote inaondoka na moshi, unabaki na majivu, afu msimu ukifika unatafuta hela ya yurea, mbolea ya dukani ya naitrojeni. Na wa kukuozeshea hayo mabua yawe mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, bure wapo, bakteria, kuvu, minyoo, jongoo.

Hatua ya 1. Tafuta sehemu yenye kivuli, maji yasituame. Katua ardhi kidogo, usiweke sakafu wala turubai chini, minyoo wanapandia huko.

Hatua ya 2. Kusanya vikavu na vibichi, na hapa ndo penye kazi yenyewe. Bakteria anataka kaboni apate nguvu na naitrojeni ajenge mwili, anakula vizuri zaidi kukiwa na kaboni kama sehemu 25 mpaka 30 kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mabua, maranda na majani makavu yamejaa kaboni, samadi, majani mabichi na mabaki ya jikoni yanaleta naitrojeni. Mi napima kwa ndoo tu, mabua yaliyokatwakatwa 2 kwa samadi 1. Ukijaza mabua matupu biwi halipati moto, ukizidisha samadi mbichi utasikia harufu inachoma pua, hiyo ni amonia, yaani naitrojeni yako inapotelea hewani.

Hatua ya 3. Anza na vijiti chini hewa ipite, kisha kikavu, kibichi, udongo kiasi wa chini ya miti (una vijidudu tayari), mwagia maji, rudia. Upana na kimo visipungue mita 1, likiwa dogo joto halikai. Chomeka kijiti kirefu katikati, funika kwa majani ya mgomba.

Hatua ya 4. Baada ya siku 3 au 4 chomoa kijiti. Kikiwa cha moto bakteria wanakula, joto linatoka kwao wenyewe, na likifika nyuzi 55 mpaka 65 linaua mbegu nyingi za magugu. Kikitoka kikavu kina utando mweupe ujue maji hayatoshi. Kamata konzi moja ukamue, yadondoke matone mawili matatu basi.

Hatua ya 5. Joto likishuka geuza, ya nje yaende ndani, oksijeni iingie. Bila oksijeni wanashika kazi bakteria wasiotaka hewa na biwi linanuka yai viza. Ukishageuza mara kadhaa na moto haupandi tena acha litulie, sasa kuvu wanavunja lignini, ile sehemu ngumu ya bua, na minyoo wanaingia.

Hatua ya 6. Usiitoe mapema jamani! Subiri iwe nyeusi, inukie udongo, bua usilitambue tena, kwa kawaida miezi 2 au 3 ila kwenye baridi inachelewa. Ukipeleka mbichi shambani bakteria watamalizia kula hukohuko na naitrojeni wanaichukua kwenye udongo wako, mahindi yanageuka njano. Hiyo naitrojeni itarudi wakifa, lakini mahindi hayasubiri. Iliyoiva weka viganja viwili kila shimo, changanya na udongo ndo upande, usiiache juu ikapigwa na jua.