VA, wizara ya askari wa zamani wa Marekani, wamekataa madai na ndugu yako yuko Mwanza? Weka haya sawa kabla ya kukata rufaa

Naandika kwa ajili ya familia za huku kwetu zenye ndugu aliyepata makaratasi ya Marekani, akaingia jeshi la kule, akatumikia miaka yake, halafu akarudi nyumbani mgongo umeisha. Kaka yangu ni mmoja wao, tunaishi naye hapa Kirumba na makaratasi yake nashika mimi, manake yeye akiyaona tu anakosa raha siku nzima. Alidai fidia ya ulemavu VA, wakakataa, na barua ilivyofika kila mtu nyumbani akasema tukate rufaa leo leo. Nashukuru hatukukimbia.

Cha kwanza kabisa ni kuisoma ile barua na kalamu mkononi, hasa pale wanapoeleza sababu. Madai ya ulemavu yanasimama kwa miguu mitatu: uwe na tatizo sasa hivi, kuwe na kitu kilichokupata ukiwa jeshini, na kuwe na kiunganishi, yaani maoni ya kitaalamu ya daktari yanayosema hili limetokana na lile. Kwa kaka mguu wa kwanza walikubali, wa pili pia walikubali manake faili lake la jeshini linaonyesha alidondoka kwenye lori mazoezini akalazwa, kilichokosekana ni kiunganishi tu. Sasa sisi tulikuwa tunapanga kwenda kupiga eksirei nyingine, hela ingeenda bure, hakuna aliyebisha kwamba mgongo unauma.

Halafu angalia tarehe iliyo juu ya barua. Una mwaka 1 wa kupinga uamuzi, na unahesabiwa kuanzia tarehe ya barua na sio siku uliyoikuta kwenye sanduku la posta, na barua za kule zinachelewa jamani, yetu ilikula karibu miezi miwili njiani. Ukiwahi ndani ya huo mwaka unalinda tarehe yako ya mwanzo, kwa mfano ulidai Mei 2023, wakakataa Machi 2024, ukaupinga uamuzi kabla ya Machi 2025, basi ukishinda hata kama ni miaka miwili baadaye malimbikizo kwa kawaida yanarudi nyuma mpaka kwenye yale madai ya 2023. Ukichelewa bado unaweza kuleta ushahidi mpya, ila ile tarehe ya zamani ndo basi tena.

Tangu Februari 2019 sheria yao mpya ilivyoanza kuna njia tatu, na hapa ndo watu wanapotea. Kama una ushahidi mpya unaohusiana na kilichokosekana, unajaza fomu 20-0995, madai ya nyongeza. Kama huna kipya ila unaamini waliteleza kusoma kilichomo, unajaza 20-0996, faili linapitiwa upya na ofisa wa ngazi ya juu zaidi, unaweza kuomba mwongee kwa simu mara moja umwonyeshe kosa liko wapi, lakini karatasi mpya hapokei hata moja. Ya tatu ni fomu 10182 kwenda Bodi ya Rufaa iliyopo Washington, huko anaamua jaji, na unachagua mwenyewe asome faili kama lilivyo, au uongeze ushahidi ndani ya siku 90, au akusikilize kwa video, ambayo foleni yake ni ndefu sana. Bodi ikikataa kuna mahakama maalumu ya askari wa zamani, una siku 120 za kwenda huko, na hiyo haipokei ushahidi mpya, inaangalia kama Bodi ilifuata sheria. Sisi kilichopungua ni barua ya daktari, kwahiyo tukaenda na 0995.

Hiyo barua ya daktari ndo ilinichosha kuliko vyote. Ya kwanza tuliipata hospitali moja hapa mjini, mistari miwili na muhuri: mgonjwa ana maumivu ya mgongo, anahitaji kupumzika. Haisaidii kitu. Daktari anatakiwa aandike kwamba amesoma kumbukumbu za matibabu za jeshini (mpelekee, usimwachie akutafutie), aseme uwezekano kwamba tatizo limetokana na lile tukio ni asilimia 50 au zaidi, halafu aeleze kwanini, kitaalamu. Hiyo 50 ina maana yake, sheria yao inasema mizani ikilingana askari ndo anapewa, kwahiyo daktari halazimiki kuapa kwamba ana uhakika. Ila akiandika "huenda" au "inawezekana" wanaiona dhaifu. Daktari wa pili nilimkalisha na faili lote, akauliza maswali ya maana, akaandika kurasa mbili kwa Kiingereza.

Na kama VA wakimpangia ndugu yako vipimo, asikose, akikosa bila sababu wanaamua kwa kilichopo au wanakataa kabisa. Mgongo wanaupima kwa nyuzi, anainama mbele wanaangalia ameishia wapi, nyuzi 60 kushuka ni kiwango kimoja cha ulemavu na 30 kushuka ni kingine. Sasa kaka yangu ni mwanaume wa kujikaza, akimuona daktari anainama kama kijana! Nimemwambia kaka, usidanganye lakini usijikaze, sema na zile siku ambazo mgongo unakushika mpaka nakufunga kamba za viatu mimi. Mpimaji anatakiwa aulize kuhusu siku hizo, asipouliza zisemwe. Jirani yetu wa pale Mwaloni ambaye alikuwa anambebesha kaka ndoo za dagaa na sasa hambebeshi tena, naye ameandika alichokiona kwa macho yake, ukurasa mmoja, na huo ni ushahidi halali.

Wakipanga kuongea kwa simu au video kumbuka saa zao zinabadilika, kuanzia Machi tumewatangulia Washington kwa saa 7, kuanzia Novemba saa 8. Saa nne yao asubuhi kwetu ni saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, jaza bando mapema, chaji simu mchana umeme ukiwepo.

Hela pia. Kuandaa madai ya mwanzo hakuna anayeruhusiwa kukutoza, na vyama vya askari wa zamani vilivyoidhinishwa vinakuwakilisha bure mpaka kwenye rufaa. Wakili anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza, asilimia 20 ya malimbikizo ndo inahesabika ya kawaida. Anayetaka umtumie hela kwanza kwa simu, mkatae.

Yetu nimeituma Jumatano usiku. Nimepiga picha kila ukurasa, risiti nimeichapa, iko kwenye bahasha moja na ile barua ya kukataliwa, tarehe yake nimeizungushia wino mwekundu.