Kushona gauni la satini la Jean Harlow, na kulipiga picha likawaka

Binti mmoja alikuja kibandani kwangu Kenyatta Market, Nairobi, na picha kwenye simu. Jean Harlow, mwigizaji wa Hollywood wa miaka ya 1930, kajinyoosha kitini, gauni jeupe la satini limemteleza mwilini kama maziwa yaliyomwagika. "Fundi, nataka hili, la arusi ya dada yangu." Nikamwambia, "Mwanangu, hili gauni halina lesi wala shanga ya kuficha kosa. Mkasi ukikosea, basi." Nilikubali kazi hata hivyo, kwa kuwa picha za mwanamke yule nimezipenda tangu nikiwa mwanafunzi wa ushonaji.

Harlow alivishwa na Adrian, mkuu wa mavazi wa MGM, studio ya filamu ya Hollywood. Katika filamu ya Dinner at Eight ya 1933, chumba chake cha kulala ni cheupe, nguo nyeupe, nywele nyeupe. Filamu yenyewe haina rangi, kwa hiyo Adrian hakuwa na nyekundu wala buluu ya kumsaidia. Alichokuwa nacho ni mng'ao wa kitambaa na kivuli kinachokaa kwenye mikunjo. Ndiyo maana nawasihi wateja wasiniletee pambo lolote. Pesa ya shanga iende kwenye kitambaa.

Anza na rangi. Weupe juu ya weupe ulimfaa Harlow. Mwanamke mweusi akivaa satini nyeupe pe, kamera ya simu inaufuata weupe wa gauni na uso unabaki giza. Mimi huchagua rangi ya chai ya maziwa au ya lulu iliyokolea, na kwa ngozi nyeusi sana, zabibu iliyoiva hupendeza kupita yote. Nenda Eastleigh asubuhi kabla ya msongamano, na utoe kitambaa nje ya duka ukione juani. Kikamate ngumini hesabu hadi kumi, kisha ukiachie. Kikibaki na makunyanzi kama karatasi, kirudishe. Kining'inize mkononi pia: kizuri huanguka kwa uzito, kibaya husimama. Cha upana wa inchi 60, mita 4 zinatosha gauni refu la mtu wa kimo cha kawaida.

Sasa mkato, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Gauni hili hukatwa kwa mshazari, namna aliyoipatia sifa mbunifu wa mavazi Madeleine Vionnet kule Paris miaka ya 1920. Kitambaa kina nyuzi za mtande zinazokwenda urefu na za mshindio zinazokwenda upana. Ukikivuta upande wowote kati ya hizo mbili, hakitoi. Kivute kona kwa kona uone: kinanyumbuka kama kimefumwa, na ndivyo kinavyoshika nyonga bila pensi (mikunjo inayoshonwa kubana mwili) na bila zipu. Kunja kona moja mpaka ukingo uliokatwa dukani ulale sawasawa juu ya ukingo wa kiwandani. Ule mkunjo ndio mshazari wako. Upige pasi kidogo, ukunjue, halafu upange patani, yaani karatasi za vipimo vya gauni, kwa kuufuata mstari huo.

Tandaza kitambaa safu moja tu. Ukikikunja mara mbili ili kuokoa muda, cha chini kitateleza na vipande havitalingana. Mimi hukata sakafuni juu ya shuka la pamba, maana mezani kitambaa kinachoning'inia hujivuta chenyewe. Vipande vyote vielekee upande mmoja, kwa sababu satini ikigeuzwa juu chini hung'aa tofauti, na kasoro hiyo utaiona picha ikishapigwa. Pini ziingie ndani ya nafasi ya mshono pekee. Tundu la pini kwenye satini halizibi.

Acha inchi nzima ya mshono kila upande. Tia sindano mpya, nyembamba, na uvute kitambaa kidogo sana mbele na nyuma ya mguu wa cherehani unaposhona, ili uzi usikatike mvaaji akikaa.

Kisha ning'iniza. Gauni la yule binti nililipinda upindo siku ileile kwa sababu arusi ilikuwa karibu. Aliporudi kulichukua, upande wa kushoto ulikuwa umeshuka karibu inchi mbili, na niliumia kuona uso wake. Nilikesha nikilifumua. Tangu hapo kila gauni la mshazari hulala kwenye hanga usiku mbili, uzito umalize kuvuta, ndipo mteja alivae na viatu vyake na nipime upindo kutoka sakafuni kwenda juu, pande zote.

Ndani avae shimizi laini isiyo na mishono minene, kwani satini hutangaza kila mstari. Nywele zilazwe mawimbi kwa jeli, zibanwe hadi zikauke. Habari za kuzichoma kwa dawa ziwe nyeupe kama za Harlow, achana nazo.

Kwenye picha, zima taa ya dari. Mpiga picha George Hurrell, aliyewapiga Harlow na mwigizaji mwenzake Joan Crawford, alimtaka Crawford aje bila vipodozi vizito ili ngozi yenyewe ing'ae, kisha madoadoa yalifutwa kwa penseli juu ya negativu, ile filamu ya kamera inayosafishwa kutoa picha. Kwetu, tone la mafuta kwenye mashavu, mabega na mfupa wa shingo linatosha. Chukua taa moja ya mezani, mpe mtu aliyesimama juu ya stuli aishike mbele ya uso, juu kidogo ya kichwa. Kivuli kidogo kikitokea chini ya pua kama kipepeo, mashavu yamechongeka, umefika. Gusa uso kwenye kioo cha simu ili kamera iufuate uso na si gauni. Mwambie ageuze nyonga pole pole kuelekea ukutani, na wewe usitazame uso tena. Tazama mstari wa mwanga unaoshuka pajani. Ukinyooka kutoka kiunoni hadi gotini bila kukatika, bonyeza.