DNS ya bure ya kuzuia matangazo nyumbani
Kwangu Pasua, Moshi, wajukuu wote wanatumia ruta moja ya laini, na bando ni hela. Sitaki liliwe na matangazo. DNS ni huduma inayobadili jina la tovuti kuwa anwani ya namba, na nyingine hukataa kufungua anwani za matangazo. Majirani nawashauri waanze na AdGuard DNS, maana haidai akaunti. Ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani na nenosiri mara nyingi viko kwenye kibandiko chini yake), tafuta DNS, andika 94.140.14.14, na nafasi ya pili 94.140.15.15. Hiyo ya pili usiweke 8.8.8.8, DNS ya Google isiyozuia matangazo! Matangazo yatapenya huko. Penye watoto, bora 94.140.14.15 na 94.140.15.16, ambazo huzuia pia tovuti za ngono.

Ruta yako haikubali kubadilishwa? Kwenye simu ya Android fungua DNS ya Faragha (Private DNS) kwenye mipangilio, andika dns.adguard-dns.com.

NextDNS inakuachia uchague mwenyewe cha kuzuia, ila bure yake ni maombi 300,000 kwa mwezi (kila kifaa kinapouliza anwani ya tovuti ni ombi moja). Yakiisha, haichuji tena. Nyumba yenye watu wengi huyamaliza. Quad9 ni kinga nzuri dhidi ya tovuti hatari, lakini matangazo haiyagusi. Ya YouTube yatabaki hata ukichagua ipi, kwa sababu hutoka kwenye seva zilezile za video.