Soma riwaya sambamba na historia yake

Mwezi uliopita jioni zangu nilizitoa kwa vitabu, simu nikaiacha inachaji chumba kingine. Kilichonifaa zaidi wala si kusoma haraka. Ni kuisoma riwaya huku historia yake iko pembeni.

Chukua Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka 1979. Inahusu wapakuzi wa bandari ya Unguja, na mgomo wao wa mwaka 1948 ulitokea kweli. Ukifika katikati, kiweke kando kidogo, tafuta kurasa chache tu za kueleza hali ya bandari na mishahara ya wakati ule, kisha rudi kwa Rashidi, mhusika mkuu. Utaona mambo uliyokuwa unayapita tu: nani anatoa amri, nani anahesabu magunia, nani harudi nyumbani.

Weka penseli karibu. Kwenye ukurasa mtupu wa mwisho andika namba ya ukurasa na maneno matatu manne, mfano "uk. 63, mjomba akataa mahari". Kitabu cha kuazima usikichore jamani, tumia kipande cha bahasha, kitakuwa alamisho hapohapo.

Kitabu kisichokushika hadi sura ya tatu kirudishe rafuni, au umpe mwenzako. Wapo watakaouita huo uvivu, waache.

Tenzi zisome kwa sauti. Mizani nane, yaani silabi nane, za kila kipande huzipati vizuri kwa macho peke yake. Kama wenzako wamelala, nong'ona.