Nyonga inabadilishwa hospitali, lakini kujipanga kunaanza nyumbani

Kama hapo kwenu Bukavu kuna mama ao mzee ambaye munganga amesema nyonga yake ibadilishwe, msingoje siku ya operesheni ndio muanze kukimbia huku na huku, juu siku za kulala hospitali zinapunguzwa mkiwa bado nyumbani. Denmark, Profesa Henrik Kehlet alianza kusukuma mpango huo wa kumwandaa mgonjwa mapema na kumsimamisha haraka baada ya operesheni miaka ya 1990, na leo kule wengi wanaruhusiwa baada ya siku 1 mpaka 3.

Damu kwanza. Apimwe hemoglobini, yaani kipimo cha kuonyesha kama damu inatosha, wiki kadhaa mbele, ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke ao 13 kwa mwanaume ni upungufu, itafutwe sababu na atibiwe mapema, kuliko kuja kutafuta watu wa kutoa damu usiku. Sukari ishuke, jino bovu litibiwe, sigara na pombe aache angalau wiki 4. Mwenye anemi SS (selimundu) aseme mapema kabisa, ugonjwa ule unaharibu nyonga za vijana wengi na operesheni yao inapangwa tofauti. Na dawa za miti anazokunywa azitaje zote, bila haya.

Sasa nyumba, hapa ndio naomba mnisikilize sana. Choo cha kuchuchumaa hakifai kabisa wiki za kwanza, nyonga mpya ikikunjwa sana inaweza kuchomoka, kwa hiyo fundi atengeneze kiti cha mbao chenye tundu, kirefu, magoti yasipite nyonga. Na kama mnakaa juu kule Kadutu ambako gari haifiki, pikipiki asipande, ombeni ndugu anayekaa karibu na barabara ampokee kwa muda. Bekiye, yaani magongo, ajifunze kutembea nazo kabla, na kine, munganga wa mazoezi ya viungo, amwonyeshe na kupanda ngazi pia.

Ulizeni bei yote mapema, pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo inaweza kufika siku 35, juu kuna wanaopona halafu wanabaki kitandani sababu fakture ya hospitali haijalipwa.

Siku yenyewe, chakula mwisho masaa 6 kabla ya operesheni, maji matupu mara nyingi mpaka masaa 2 kabla, lakini fuateni munganga wenu wa usingizi. Anayemlinda ajue kwamba mgonjwa atasimamishwa siku hiyo hiyo ao kesho yake, asimwonee huruma akasema mumuache alale. Maumivu yakizidi aombe dawa ili aweze kutembea. Akisharudi, mguu ukivimba na kuuma, kidonda kikitoa usaha ao pumzi ikikata, arudishwe hospitali palepale hata kama ni usiku.