Namna ya kwenda mkutano wa waandishi wanafunzi wa Iowa na kurudi na kitu

Kama mtoto wako ameingia kwenye gazeti la shule hapa Iowa, vuli ikifika ataleta karatasi ya kusainiwa: safari ya siku moja kwenda Iowa City, kwenye mkutano wa mwaka wa Iowa High School Press Association. Wazazi wengi wa kwetu, sisi tuliotoka Kongo, wanaichukua kama karatasi ya matembezi. Wanaisaini wamesimama, wanarudi jikoni. Wengine wanakataa kabisa, maana mtoto atakosa masomo siku nzima. Mimi nimesindikiza watoto kwenye mkutano huo, wangu na wa majirani, na nawaambieni si matembezi. Ila mtoto akienda mikono mitupu, atayafanya yawe matembezi.

Chama chenyewe ni cha jimbo zima. Kinakusanya magazeti ya sekondari, vitabu vya mwaka, tovuti na video za wanafunzi. Kina uhusiano wa karibu na shule ya uandishi wa habari ya Chuo Kikuu cha Iowa, na mkutano hufanyika hapo hapo chuoni, kwenye jengo la Iowa Memorial Union, ukingoni mwa mto. Anayeandikisha wanafunzi ni mwalimu mlezi wa gazeti, si mzazi. Kwa hiyo kama shule ya mwanao haijawahi kwenda, mwandikie mwalimu huyo barua pepe ya mistari mitatu shule zikifunguliwa tu: je, shule ni mwanachama, je, mnakwenda mwaka huu, je, mnahitaji mzazi wa kusindikiza? Hilo swali la tatu ndilo linalofungua milango. Walimu wanahangaika sana kupata wasindikizaji.

Karatasi nyingine ni za kawaida: ruhusa ya safari, dawa, mzio wa chakula, ruhusa ya kupigwa picha. Hicho kipengele cha picha kisome kabla ya kusaini. Kuhusu pesa, kuna ada ya kuingia na kuna chakula, na usiseme "hatuna" kabla hujauliza. Familia ambayo watoto wake wanakula bure shuleni imwulize mwalimu pembeni kama kuna mfuko wa kusaidia. Uliza wewe mzazi, usimtume mtoto akainue mkono mbele ya wenzake. Na angalieni saa. Basi likiandikwa 6:45, hiyo ni saa moja kasorobo asubuhi, na kutoka Des Moines ni mwendo wa kama saa mbili kwa barabara ya I-80. Sisi wa zamu ya usiku saa hiyo ndiyo tunavua viatu, kwa hiyo panga mapema nani atampeleka mtoto kituoni.

Sasa tuje kwenye maandalizi, maana hapa ndipo faida inapopatikana au kupotea.

Vipindi huendeshwa kwa pamoja, vyumba tofauti kwa saa ile ile. Kuna mahojiano, kuna namna ya kuanza habari, picha za michezo, usanifu wa kurasa, sheria, uongozi wa chumba cha habari. Mtoto hawezi kuingia vyote. Ratiba ikitoka, kaa naye mezani na umwulize swali moja: kazi gani inakushinda? Kinachomshinda ndicho cha kufuata. Mpiga picha aende akajifunze mahojiano. Anayeandika vizuri lakini anaogopa kupiga simu aende kwa mwandishi aliyezoea kuripoti mahakamani au polisi. Na wenzake wa gazeti wagawane. Watano wakikaa chumba kimoja kwa sababu ni marafiki, shule inarudi na daftari moja lililonakiliwa mara tano. Maoni yangu, na mwanangu mkubwa hakubaliani nayo: vipindi vya mitandao ya kijamii hujaa mpaka mlangoni na havina la maana sana ambalo watoto hawalijui. Vya sheria vina viti vitupu, na ndivyo vitamu.

Begi liwe na daftari, kalamu mbili, chaja, koti, na jambo kubwa kuliko yote, habari yake moja aliyoiandika mwenyewe, imechapishwa kwenye karatasi, mistari ikiwa na nafasi katikati. Hata kama gazeti lao liko kwenye intaneti tu. Hakuna mtu atakayesoma kazi yake kwenye simu yenye kioo kilichopasuka huku watu wanapita. Karatasi ikiwekwa mezani, mtu anatoa kalamu. Halafu mfungie chapati mbili kwenye foili. Asione haya, wenye sandwichi baridi ndio watakaomzunguka.

Kipindi kikiisha, wanafunzi wengi wanainuka wote kwa mpigo. Mtoto wako asiinuke nao. Aende mbele kabla mtoa mada hajafunga kompyuta yake, aseme jina lake, shule yake, na sentensi moja: "Una dakika tano uangalie mwanzo wa habari yangu?" Tulifanya mazoezi ya sentensi hiyo nyumbani, binti yangu akisimama karibu na friji na mimi nikijifanya mtoa mada mwenye haraka. Watoto wetu tumewafundisha wasimkatize mtu mzima, na ni adabu nzuri. Lakini kule anayesubiri kuitwa haitwi.

Binti alikuwa amebeba habari ya mabasi madogo yanayowachukua wafanyakazi wa kiwanda cha nyama, wengi wao watu wetu. Ilianza hivi, kwa maana: jamii ya Wakongo inakua haraka mjini kwetu na imekuja na utamaduni tajiri. Yule mama aliyeendesha kipindi, mhariri wa zamani wa gazeti la mji mdogo, alisoma mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akapiga mstari mwekundu juu ya aya ya kwanza yote, akapiga juu ya ya pili, akasimama kwenye ya tatu, pale dereva anapoweka blanketi kwenye kiti cha nyuma kwa ajili ya anayeshuka wa mwisho. Akamwuliza, "Hili blanketi umeliona mwenyewe?" Akajibu ndiyo. "Lina rangi gani?" Kijani, limechanika pembeni. "Basi anza hapa, na uandike limechanika."

Halafu akafanya jambo ambalo sasa namlazimisha kila mtoto ninayempeleka alifanye kabla hata ya kupanda basi: akazungushia duara kila jina la mtu anayesema ndani ya habari. Dereva. Mkuu wa shule. Diwani. Mtu wa shirika la misaada. "Wafanyakazi wenyewe wako wapi?" Binti akasema walikataa kutaja majina. "Uliwauliza kabla au baada ya kuwaeleza habari itakwenda wapi?"

Hapo tulijifunza utaratibu ambao kwa familia zetu ni wa lazima. Kabla ya swali la kwanza, mwandishi amweleze mhojiwa habari itatoka wapi, kwamba itakaa kwenye intaneti, na kwamba mtu akitafuta jina lake miaka mingi baadaye ataipata, awe Uvira, Kigoma au ofisi ya ajira ya hapa hapa. Baada ya hapo ndipo aombe jina, na aandike herufi kwa herufi mbele ya mwenye jina, amwonyeshe. Mtu akiogopa, mwandishi asibuni jina la uongo na asiahidi chochote papo hapo. Aseme, "Ngoja nimwulize mhariri na mwalimu." Ahadi ya kuficha jina ni ahadi ya gazeti zima, haiwezi kutolewa na mtoto mmoja kwenye maegesho ya magari. Sisi tuliopita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tunajua uzito wa jina kuandikwa kwenye orodha. Watoto waliozaliwa hapa hawaujui, na hapo ndipo mzazi ana la kumfundisha mwandishi.

Nimesema vipindi vya sheria ni vitamu. Sababu ni kwamba Iowa ina historia yake yenyewe katika jambo hili, na mtoto anayeijua hatishiki kirahisi. Desemba 1965, wanafunzi wachache wa Des Moines walikwenda shule wamevaa vitambaa vyeusi mkononi kuomboleza waliokuwa wakifa Vietnam. Mmoja wao, Mary Beth Tinker, alikuwa na miaka 13. Wakasimamishwa masomo. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1969 wanafunzi wakashinda kwa kura 7 dhidi ya 2. Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1988, kwenye kesi ya Hazelwood kutoka Missouri, mkuu wa shule alikuwa ameziondoa kurasa za gazeti zilizozungumzia mimba za wanafunzi na talaka za wazazi, na mahakama hiyo hiyo ikampa haki. Mwaka uliofuata, 1989, Iowa ikapitisha sheria yake inayowapa wanafunzi wa shule za umma kinga kubwa kuliko ile iliyoachwa na uamuzi wa Hazelwood. Ni kifungu cha 280.22 cha sheria za Iowa. Ni kifupi. Mtoto akichape na kukibandika ndani ya jalada la daftari.

Wazazi nao wakisome. Kinakataza maandishi machafu, kashfa za uongo dhidi ya mtu, na maneno ya kuwachochea wanafunzi wavunje sheria au kuvuruga shule. Mwalimu mlezi bado anasimamia ubora wa lugha na kazi. Lakini habari kutompendeza mkuu wa shule haimo katika orodha hiyo. Na kuna kipande kinachonituliza mimi kila mara: mwanafunzi akitoa maoni yake, hayahesabiwi kuwa msimamo wa shule. Mzee mmoja kanisani aliniambia gazeti litamletea kijana wake matatizo. Nilimsomea kipande hicho, nikamkumbusha kwamba tulipokuwa kambini, sote tulikuwa tunatega sikio Radio Kwizera kutoka Ngara, na aliyekuwa akisoma habari alikuwa mtoto wa mtu.

Tuzo sizisemei sana. Kazi zinazoshindanishwa zimetumwa mapema na walimu, kwa hiyo siku yenyewe hakuna cha kufanya ila kupiga makofi. Mtoto akirudi, usianze na "Umeshinda?" Mwambie akuonyeshe daftari. Kama kurasa ni tupu, hayo sasa ndiyo mazungumzo.

Kesho yake mambo matatu, na yafanyike kabla hamu haijapoa. Aandike upya mwanzo wa ile habari na kumpelekea mwalimu, hata kama ilishachapishwa. Amwandikie mtoa mada shukrani ya mistari miwili, ataje jambo moja alilolibadilisha. Watu hawa hukumbuka majina, na baadhi ndio wanaoandika barua za kumsaidia mtoto aingie chuo. Na aulize kama shule ina tawi la Quill and Scroll, chama cha heshima cha waandishi wa sekondari kilichoanzishwa mwaka 1926 hapo hapo Chuo Kikuu cha Iowa, George Gallup akiwa miongoni mwa waanzilishi. Ndiye yule yule wa kura za maoni, mzaliwa wa mji wa Jefferson, Iowa, aliyewahi kuhariri The Daily Iowan, gazeti la wanafunzi wa chuo hicho.

Aliye mwaka wa mwisho ana jambo la ziada. Majimbo mengi huchagua mwandishi mwanafunzi wa mwaka, na mshindi huingia kwenye shindano la taifa la Journalism Education Association, chama cha walimu wa uandishi wa habari. Kazi hutumwa majira ya baridi, kwenye tovuti ya mtoto mwenyewe, zikiwa zimepangwa kwa ujuzi: kuripoti, kuhariri, picha, sheria na maadili, uongozi. Wanaopima wanataka kuona kazi ilivyokua, si ile iliyong'arishwa peke yake. Kwa hiyo ile karatasi yenye mistari myekundu ni mali. Ipigeni picha usiku huo huo, mbele na nyuma, kabla mdogo wake hajaichorea gari.